Nguzo ya Kumi na Nne

Barua ilifika Itigi siku ya Jumatano, na Jesca aliisoma akiwa amekaa kwenye cherehani, mguu mmoja bado uko kwenye pedali. Ilikuwa barua fupi yenye mhuri mzuri. Ilisema kwamba ombi la fidia la Manase Chilongani limekataliwa kwa sababu mbili: mahali alipopigwa hapakuthibitika, na yapo madai kwamba yeye mwenyewe alishiriki uhalifu uliosababisha apigwe. Mwishoni ilimkumbusha kwamba asiyeridhika anaweza kuomba mapitio ndani ya siku thelathini, kisha ikamtakia kazi njema.

"Kazi njema," Jesca akasema peke yake. "Mtu mguu hana, wanamtakia kazi njema."

Mguu alikuwa nao, tuseme ukweli, ila ulikuwa wa kuvalia suruali tu. Manase, baba yake Jesca, alikuwa mkaguzi wa njia ya reli kwa miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi alitoka kambini na nyundo begani na bendera mbili kwapani, akatembea kilomita nane kwa miguu macho yakiwa chini, akitazama reli, mataruma ya mbao yaliyolazwa kukingama chini yake, na vibanio vya chuma vinavyoshika reli isihame. Alipokuta kibanio kimelegea alikigonga. Alipokuta hakipo aliweka kingine. Wewe unayesafiri kwa treni, unakunywa chai dirishani na kulalamika kwamba inakwenda polepole, hujui jina la mtu huyo, na yeye wala hakuwa na haja ulijue.

Miaka miwili kabla ya barua ile, vibanio vilianza kupotea kwa magunia. Manase hakuzunguka mbuyu. Alikwenda polisi akamtaja mtu kwa jina: Filipo, mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye banda lake karibu na kivuko cha reli. Wiki tatu baadaye, asubuhi na mapema, Filipo na mwenzake walimkuta Manase njiani peke yake wakamvunja mguu wa kulia mara mbili kwa nondo. Walipoondoka, alijiburuta kwa viwiko kando ya reli karibu kilomita nzima, hadi kwenye kivuko, na hapo ndipo alipokutwa na Elisha, mnyapara wa genge la wafanyakazi wa reli. Elisha alikuwa ameshasimamisha treni ya abiria kwa bendera nyekundu kwa sababu moja tu: Manase alikuwa amechelewa dakika kumi, na Manase hakuwa mtu wa kuchelewa.

Sasa bahati mbaya ikaingia hapo. Kwenye kivuko kile, hatua chache kutoka banda la Filipo, kuna kilabu cha pombe ya kienyeji. Filipo alipokamatwa, hakukana kumpiga. Alisema, tena kwa sauti ya huzuni kabisa, kwamba mzee yule alikuwa mwenzao. Walikuwa wakigawana mauzo ya vibanio pale kilabuni, mzee akataka zaidi, ugomvi ukazuka. Hakimu alimfunga Filipo na mwenzake kwa wizi na kwa kumjeruhi mtu, wakaenda zao gerezani. Lakini maneno yale hayakufungwa. Yalibaki kwenye jalada na yakabaki mtaani, na mtaani ndiko yalikonenepa.

Sheria ilimpa Manase haki. Mtu akiumizwa kwa sababu ametoa taarifa ya uhalifu, serikali inaweza kumfidia, mradi yeye mwenyewe mikono yake ni safi. Jesca ndiye aliyejaza fomu. Alipofika mahali pa kuandika kiasi cha hasara, baba yake alimwambia aweke chochote ambacho daktari amesema.

"Pesa ni pesa," Manase alisema. "Wakilipa watakuwa wamesema sikuwa mwizi. Hilo ndilo ninalolitaka mimi. Serikali hailipi wezi."

Kwa hiyo barua ile ya Jumatano haikumnyima Manase pesa peke yake. Ilimwita mwizi kwa karatasi yenye mhuri.

Jesca alifunga duka lake la ushonaji akapanda bodaboda hadi kambini, kwenye zile nyumba sita za mawe walizojenga wakoloni na ambazo hadi leo wafanyakazi wa genge wanaishi humo. Baba yake alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda, magongo yameegemezwa ukutani, anachambua maharage kwenye ungo. Tangu mama yake Jesca afariki, Manase alipika mwenyewe na hakutaka mtu amwonee huruma kwa hilo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona saa hizi? Umeacha nguo za watu?"

Akamsomea barua yote. Manase alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mahali hapakuthibitika," alirudia. "Niliwaambia kilomita mia sita na tatu, nguzo ya kumi na nne. Nilisema hivyo nikiwa kitandani hospitali, kabla hata hawajanifunga mguu. Nyundo yangu ilianguka kwenye kalavati chini ya nguzo hiyo hiyo. Wangetaka kuthibitisha wangeiokota."

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, na inabidi nikuwekee wazi. Zamani kando ya reli kulikuwa na nguzo za chuma za waya wa simu. Kila kilomita ilikuwa na nguzo zake zenye namba, na watu wa reli walizitumia kama vile wewe unavyotumia jina la mtaa. Nyoka ameonekana nguzo ya tatu. Taruma limeoza nguzo ya saba. Kisha waya ukaibwa, na baada ya waya nguzo zenyewe zikakatwa kwa misumeno zikaenda zilikoenda. Kwenye kilomita ile zimebaki nne tu. Lakini watu wa genge hawakuacha kuhesabu. Nguzo ya kumi na nne kwao bado ipo, na hata kijana aliyeajiriwa mwaka jana atakuonyesha bila kufikiri, ingawa hajawahi kuiona imesimama. Mpelelezi alipofika na kukuta nguzo nne, aliandika sentensi moja kwenye jalada: nguzo ya kumi na nne haipo. Elisha alijaribu kumweleza, akaambiwa yeye ni rafiki wa mlalamikaji. Na kwa kuwa siku ile vibanio vilikuwa vimeng'olewa sehemu nne tofauti, hata kumbukumbu za ukarabati hazikuweza kuonyesha Manase alipigwa wapi.

"Baba," Jesca alisema, "nyundo kama ipo, twende tuichukue. Leo. Nitachimba mimi."

"Hapaguswi."

"Baba, miaka miwili!"

"Penye ajali hapaguswi mpaka mkaguzi afike. Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa. Ukigusa, umeharibu. Atakayekuja atasema ni mimi niliyeiweka."

Hilo ndilo jibu lake siku zote. Mwezi wa kwanza Jesca aliliona ni la hekima. Mwezi wa sita aliliona ni ukaidi. Na kufikia mwaka wa pili, Mungu amsamehe, alianza kuliona ni jibu la mtu asiyetaka watu wafike pale wakakuta hakuna kitu. Baba aliilipia nyundo ile kutoka mfukoni mwake alipostaafishwa, bila mtu kumdai, kwa sababu ilikuwa mali ya serikali na ilipotea mikononi mwake. Mtu mwingine angeona huo ni uaminifu. Jesca, akiwa kitandani usiku, alijikuta akijiuliza kama si hatia. Mteja mmoja alikuwa amemwambia dukani, huku anapimwa kiuno, kwamba kumbe hata watu wa kanisani huwa wanakula na wezi. Jesca alimmalizia gauni lake, akachukua hela yake, na tangu siku hiyo akaacha kumuuliza baba yake habari za asubuhi ile aliyopigwa.

Sasa karatasi yenye mhuri ilimlazimisha kuuliza. Akaandika ombi la mapitio usiku ule ule kwa mkono wake, akaeleza habari ya nguzo kadiri alivyoweza, na mwishoni akaongeza mstari mmoja ambao hakumwonyesha baba yake: "Tunaomba mje mchimbe ninyi wenyewe." Kesho yake akaipeleka posta. Kama nyundo haipo, yeye ndiye atakuwa amewaita.

Walikuja siku ya ishirini na sita baada ya ombi kutumwa. Afisa aliyetumwa na ofisi ya fidia kutoka Singida mjini aliitwa Radhia, mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa rangi ya kahawa na viatu ambavyo Jesca, kwa jicho la fundi, aliona mara moja kwamba vitakufa siku hiyo kwenye kokoto. Alifuatana na askari polisi mmoja mgeni wilayani, asiyejua chochote kuhusu kesi, na Radhia alisema amemtaka hivyo makusudi.

"Shikamoo mzee," Radhia alisema.

"Marahaba, mama. Karibuni."

Manase alikuwa amevaa kizibao cha njano cha kazi, kimefuliwa na kupigwa pasi. Viatu vimepakwa rangi, hata kile cha mguu usiokanyaga. Bendera mbili zilikuwa kwapani, juu ya gongo. Elisha alikuwa ameandaa ile troli ya kusukuma kwenye reli, akaitandikia gunia safi ili mzee akae.

"Hiyo ya nini?" Manase aliuliza.

"Ya kukubeba, kaka. Ni mbali."

"Njia inakaguliwa kwa miguu, Elisha. Unajua hivyo. Mpandishe mama huyu, viatu vyake haviwezi."

Radhia alicheka kidogo, kisha akasema atatembea. Elisha akatangulia na bendera kwa ajili ya usalama, ingawa treni ya mizigo haikutarajiwa hadi jioni, na msafara ukaanza: mzee na magongo yake, binti yake, mama wa serikali, na askari aliyebeba sepetu. Vichaka vya Itigi vimesongamana pande zote mbili pale, hata mbuzi huchagua pa kupenya, na kati yake reli imenyooka inakwenda magharibi inametameta kwa jua.

Kwenye bamba la kilomita mia sita na tatu Manase alisimama, jasho linamtiririka hadi kidevuni.

"Kuanzia hapa tunahesabu," alisema. "Nguzo ya kwanza ile pale, imesimama. Ya pili, ile. Ya tatu walikata. Kutoka nguzo hadi nguzo ni hatua arobaini."

"Basi hesabu, mzee," alisema Radhia, akatoa daftari.

Manase alitazama magongo yake. Jesca alimwona baba yake akiwa hana la kufanya kwa mara ya kwanza maishani, na moyo ulimuuma. Zile hatua arobaini zilikuwa za miguu miwili. Mtu wa magongo hana hatua, ana mivuto.

"Nitahesabu mimi," Elisha alisema kutoka mbele.

"Hapana. Wewe ni rafiki yangu na njia unaijua. Watasema tulipanga. Atahesabu Jesca."

"Huyu ni binti yako," Radhia alisema. "Watu watasema hivyo hivyo."

"Ni binti yangu, lakini hajui ilipo. Wewe tembea naye bega kwa bega, uhesabu na wewe. Nikimwonyesha hata kwa jicho, andika."

Jesca akapanda katikati ya reli mbili. Akaanza kutembea juu ya mataruma, taruma baada ya taruma, anahesabu kwa sauti, na Radhia kando yake anahesabu kwa Kiswahili chake safi cha mjini. Walipita nguzo ya kwanza wala hesabu haikulingana nayo. Wakapita ya pili, vile vile, Jesca akaanza hesabu upya kutoka hapo. Arobaini ilipotimia, alishuka kwenye kokoto akapapasa majani kwa mguu, kisha kwa mikono. Hapakuwa na kisiki. Mchanga tu, na kinyesi cha mbuzi.

Askari akakohoa. Radhia akaandika kitu kwenye daftari. Wazo lile la kitandani likamjia Jesca mchana kweupe: hakuna kitu hapa, na mimi ndiye niliyewaleta.

"Unatembea kama unakwenda dukani," Manase alisema nyuma yao, na sauti yake ilikuwa ya hasira kabisa, hasira ya kazini. "Mkaguzi hakanyagi kila taruma! Nani atafika akikanyaga kila taruma? Ruka moja, kanyaga la pili. Ndivyo tulivyotembea sote, tangu baba zetu. Rudi kwenye bamba, anza upya."

Lilikuwa kosa la mtu ambaye ametembea namna moja miaka yote hadi amesahau kwamba wengine hutembea vingine. Jesca alirudi. Akainua gauni kidogo, akaruka taruma moja, akakanyaga la pili. Arobaini ya kwanza ikamweka sawasawa kwenye nguzo ya kwanza. Arobaini ya pili, nguzo ya pili ikawa begani kwake. Radhia akaacha kutazama daftari akatazama nguzo. Arobaini ya tatu, Jesca alishuka, akapangua majani, na kidole chake cha mguu kikagonga chuma. Kisiki kilikuwa kimekatwa usawa wa ardhi, duara lenye kutu, kubwa kama mdomo wa kikombe.

"Ya tatu," alisema, na alisikia sauti yake imebadilika.

Ya nne wakaikuta. Ya tano imesimama. Ya sita ilifukiwa na kichuguu, askari akagonga kwa sepetu ikalia. Kufikia ya tisa askari mwenyewe alikuwa anahesabu kwa sauti, tena alikuwa anatangulia kushuka kutafuta kisiki kabla ya Jesca. Miguu ya Jesca iliuma, mgongo uliuma, na jua halikumhurumia, lakini alikuwa anatembea hatua ya baba yake, ndefu, isiyo ya mwanamke mwenye gauni la kitenge, na alijua sasa kwamba mtu huyu alitembea hivi kilomita nane kila siku kwa miaka thelathini na mmoja ili watu asiowajua wafike salama. Fahari ilimjaa kifuani. Lakini bado hakuwa na nyundo.

Ya kumi na nne ilikuwa kisiki kilichopinda, na chini yake, mita mbili hivi, kalavati ya saruji inayopitisha maji ya mvua chini ya reli. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na udongo mweusi uliokauka na kupasuka, majani yameota juu yake. Manase alifika wa mwisho, anahema. Alijishusha juu ya reli akakaa.

"Anachimba askari peke yake," Radhia alisema. "Wengine kaeni mbali."

Askari alichimba. Ilitoka chupa ya plastiki. Ukatoka mfupa wa mbuzi. Ikatoka kandambili moja ya mtoto, na tabaka la mchanga mweupe wa mvua za mwaka huu, na chini yake tabaka jeusi la mvua za mwaka jana. Nusu saa ikapita. Askari alisimama kupangusa jasho akamtazama Radhia kama mtu anayeuliza kama inatosha. Jesca alikuwa ameshika kichwa. Alitaka kumtazama baba yake akashindwa, akatazama viatu vyake, vile vilivyopakwa rangi.

"Endelea," Manase alisema kwa upole. "Ilikuwa nzito. Itakuwa imekwenda chini."

Sepetu ikapiga chuma.

Askari akapiga magoti, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akavuta, ikakataa, akavuta tena. Ilitoka na donge la udongo na nyuzi za mizizi. Mpini ulikuwa umeoza wote, na pale tundu la mpini lilipokuwa, mizizi ya majani ilikuwa imepita upande mmoja ikatokea upande wa pili na kusukana, kazi ya misimu miwili ambayo mkono wa mtu hauwezi kuighushi. Radhia alimimina maji ya kunywa ya chupa yake yote juu ya chuma akasugua kwa kidole. Namba ikaonekana: ishirini na saba. Elisha akafungua daftari la vifaa la genge alilokuja nalo, akampa Radhia. Tarehe ile, asubuhi ile, nyundo namba ishirini na saba, imechukuliwa na Manase Chilongani. Safu ya kurudisha ilikuwa tupu.

Basi alikuwa kazini. Alikuwa hapa na nyundo mkononi, karibu kilomita nzima kutoka kilabuni, na ile kilomita alikuwa ameitambaa.

Hapakuwa na aliyepiga vigelegele. Radhia alisimama muda akiitazama njia waliyotoka, kule mbali kilipo kivuko, kama anaipima kwa viwiko vyake mwenyewe. Viatu vyake vilikuwa vimekufa kweli. Kisha akamgeukia Manase.

"Mzee, miaka miwili ulijua ilipo. Kwa nini hukuja kuichukua ukatuletea?"

"Penye ajali hapaguswi mpaka mkaguzi afike."

Radhia akainamisha kichwa. "Basi amefika, mzee."

"Amechelewa," Manase alisema. "Lakini amefika."

Barua ya pili haikuchukua mwezi. Safari hii Jesca hakuisoma dukani. Aliifunga kwenye kitambaa akampelekea baba yake, na Manase akasema isifunguliwe pale. Alitaka isomwe stesheni, siku ya treni ya abiria, wakati wauza kuku na wauza asali wamejaa na mtaa mzima uko pale. Jesca alimwambia hiyo ni kujionyesha. Manase akasema ndiyo, ni kujionyesha, amejificha miaka miwili inatosha.

Kwa hiyo Jesca alisimama kwenye jukwaa la stesheni, kando ya benchi alilokaa baba yake katika kizibao chake cha njano. Elisha aliwanyamazisha watu kwa sauti ya mnyapara, na watu wakanyamaza, hata yule mteja mwenye gauni, ambaye Jesca alimwona wazi kabisa akijisogeza nyuma ya ndoo za asali.

"Baada ya mapitio," Jesca alisoma, "imethibitika kwamba Manase Chilongani aliumizwa akiwa kazini, kwa sababu ya kutoa taarifa ya wizi wa mali ya umma. Imethibitika kwamba hakushiriki uhalifu huo kwa namna yoyote."

"Rudia hapo," Manase alisema.

Jesca akarudia. Wanawake wakapiga vigelegele, na mzee mmoja akavua kofia. "Kwa hiyo serikali itamlipa fidia ya shilingi..."

"Hiyo ni ya ndani," Manase alisema, akainua mkono kuchukua barua. "Wameshasikia ya kwao."

Watu walicheka sana. Wakaja kumshika mkono mmoja mmoja, wengine wakamwachia asali, mmoja akamwachia jogoo mzima mwenye miguu imefungwa, na Manase akapokea vyote kama bwana harusi, bila haraka, akimwuliza kila mtu habari za nyumbani kwake. Jesca alikaa kando yake kwenye benchi. Alingoja hadi mkono wa mwisho ulipoondoka. Alikuwa na furaha na fahari hadi kooni, na chini ya fahari hiyo kulikuwa na kitu kinachomchoma, na aliona akikimeza leo atakimeza maisha yake yote.

"Baba, nina jambo." Alitazama mikono yake. "Mimi pia nilikuwa na mashaka. Siku tunahesabu, nilidhani nyundo haipo. Nilidhani labda Filipo..."

"Nilijua," Manase alisema.

"Ulijua?"

"Tangu ulipoacha kuniuliza."

"Na hukuniambia kitu!"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Ungeniamini kwa sababu mimi ni baba yako, halafu ukabaki na mashaka yako kimya kimya. Hata yule askari angeweza kuhesabu siku ile, ningemwelekeza hatua tu. Nilitaka uhesabu wewe."

Treni ilikuwa inaingia. Wauzaji walikimbilia madirishani na bidhaa zao vichwani, kelele zikajaa kila mahali, na Jesca akamlalia baba yake begani akalia mbele ya watu wote wa stesheni, na hakuona aibu hata kidogo.